Basi la kupanda, boti ya kushuka: barua ya wazi kwa viongozi wa jiji la Huế

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Mtwara. Kazi yangu ni kusindikiza wafanyabiashara wa korosho. Vietnam inanunua korosho ghafi zetu kwa wingi, kwa hiyo watu wa Mtwara, Lindi na Dar es Salaam hawaachi kupanda ndege kuja kuonana na wenye viwanda vya kubangua huko kusini kwenu. Mazungumzo yakiisha, siku mbili tatu hubaki kabla ya ndege ya kurudi, na hapo ndipo ninapoulizwa: sasa tutembee wapi? Mimi huwapeleka Huế. Hakuna anayenilipa kuusifia mji huo. Ni mji ambao mzee wa miaka 60 anaweza kuamka asubuhi, akanywa kahawa yake taratibu, akavuka daraja na kuiona historia ya nchi nzima kabla ya adhuhuri.

Barua hii naiweka hadharani, tena kwa Kiswahili, maana inawahusu pia wasomaji wa huku wanaopanga safari kama hiyo. Nakala ya Kivietnam mtaletewa.

Ninachoomba ni kitu kimoja. Tiketi yenu ya pamoja, ile ya kuingia jumba la wafalme na makaburi yao, iwe na nauli ndani yake: basi la kupanda, boti ya kushuka.

Nianze na ramani, kwa faida ya asiyewahi kufika. Huế ilikuwa makao makuu ya wafalme wa ukoo wa Nguyễn kuanzia 1802 hadi Agosti 30, 1945, siku ambayo Bảo Đại, mfalme wa mwisho, aliuachia ufalme hadharani pale kwenye lango la Ngọ Môn. UNESCO iliyaingiza majengo hayo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1993. Ngome na jumba viko ng'ambo ya kaskazini ya mto Hương. Hoteli nyingi ziko kusini, na katikati kuna daraja la Trường Tiền, ambalo mtu analivuka kwa miguu huku anapigwa na upepo wa mto. Mpaka hapo hakuna shida yoyote.

Shida inaanzia kwa wafalme wenyewe: hawakutaka kuzikwa mjini. Walitafuta vilima, misonobari na maji, kila mmoja na upande wake, kuelekea mto unakotoka. Tự Đức yuko kilomita 6 au 7 kutoka mjini, Khải Định kama 10, Minh Mạng kama 12, na Gia Long, mwanzilishi wa ukoo, yuko mbali zaidi ya hao wote. Na msomaji asidhani nazungumzia makaburi ya kusoma dua na kuondoka. Kwa Tự Đức kuna ziwa, kuna banda la mbao juu ya maji, kuna nyumba alizokaa mwenyewe akiwa hai. Kazi ya kupajenga ilikuwa ngumu kiasi kwamba mwaka 1866 vibarua waliasi. Kwa Khải Định unapanda ngazi 127, unakuta jengo la zege lililopiga weusi kwa mvua, kisha unaingia ndani na ukuta mzima umenakshiwa kwa vipande vya kauri na vioo vya rangi. Kwa Minh Mạng kila kitu kimepangwa kwenye mstari mmoja, malango, viwanja, madaraja na maziwa, hadi kwenye kilima alikolazwa. Aliyeona moja hajaona mengine. Ndiyo maana nasema aliyebuni tiketi ya pamoja alifikiri vizuri.

Mara ya mwisho nilipoinunua, tiketi hiyo ilikuwa dong 530,000 kwa jumba na makaburi matatu, ya Tự Đức, Khải Định na Minh Mạng, na inatumika siku 2. Bei hiyo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba tiketi inaishia getini. Kutoka geti moja kwenda jingine ni shauri lako wewe na barabara. Mgeni anakata tiketi Ngọ Môn, anatoka nje, na pale pale kwenye jua anakuta watu watano wanamwita, kila mmoja na bei yake.

Tuone basi anachoweza kufanya mtu huyo.

Anaweza kukodi pikipiki. Vijana wengi ndivyo wanavyofanya, na barabara ya kupita Nam Giao ni nzuri, ina miti. Lakini maduka mengi ya kukodisha hayaulizi leseni, na hapo ndipo mtego ulipo. Sheria yenu inataka leseni inayotambulika, na kwa mgeni hiyo maana yake ni kibali cha kimataifa cha nchi iliyo ndani ya Mkataba wa Vienna wa 1968 wa usafiri wa barabarani, ambao Vietnam iliingia 2014. Asiye nacho akigonga au akigongwa, bima yake ya safari ni karatasi tu. Ndugu msomaji unayepanga kwenda, lisikilize hili hata kama utasahau mengine yote: helmeti ni lazima, na aliyekunywa hata bia moja hagusi usukani, maana kiwango kinachoruhusiwa ni sifuri. Sasa wazee wangu wa korosho, mmoja ana goti bovu, mwingine hajapanda pikipiki tangu enzi za Honda 50. Pikipiki si jibu kwao.

Anaweza kuita gari au bodaboda kwa simu. Grab iko, teksi za umeme zipo, na bei unaiona kabla ya kupanda. Kwa kwenda, hakuna kitu bora. Kurudi ndiko kwenye kazi. Ukitoka kwa Minh Mạng saa kumi jioni unaweza kusimama getini na simu mkononi, alama inazunguka na kuzunguka, hakuna dereva aliye karibu. Anayekuja ni yule aliyekuwa amejibanza kwenye kibanda cha maji ya miwa akikusubiri uchoke. Anajua huna njia nyingine na bei yake inajua hivyo pia.

Anaweza kupanda basi la utalii la kikundi. Utaona yote matatu kwa siku moja, utakula wali na wenzako, utarudi. Lakini utapewa dakika arobaini kila mahali, na njiani, kwenye kijiji cha udi cha Thủy Xuân karibu na kwa Tự Đức, gari litasimama upende usipende. Kijiji chenyewe ni kizuri, sikatai. Vijiti vya udi vimefungwa matita, vyekundu, vya manjano, vya zambarau, vimetandazwa chini kama maua yaliyokatwa, na harufu ya mdalasini inakufuata hadi kwenye gari. Ila wageni wangu walielewa haraka kwa nini dereva alichagua duka lile na akaliruka la jirani. Sisi ni watu wa biashara, kamisheni tunaijua hata ikivaa kofia ya majani.

Halafu kuna xích lô. Kwa msomaji wa Dar, ni guta la kubeba watu: abiria anakaa mbele kama mfalme, mwenye guta anakanyaga pedeli nyuma yake. Kwa kuzunguka ndani ya ngome hakuna usafiri ninaoupenda zaidi. Kelele hakuna, unapita mbele ya nyumba za watu, bustani, madimbwi yenye majani ya yungiyungi, na aliye nyuma yako anajua kila kona. Wengi wao ni watu wazima, wana nidhamu ya kazi. Kwa hiyo ninachokieleza sasa sikielezi ili mje kuwafukuza.

Nilikuwa na wazee wawili. Tulisimama upande wa kusini wa daraja, tukaelewana na wenye xích lô wawili. Bei ilitajwa kwa vidole: kimoja, kisha vitano. Kumi na tano. Ukiwa umezoea pesa yenu, ambayo watu wanakata sifuri wanapoongea, unaelewa laki moja na nusu. Tukazunguka saa nzima, wazee wakapiga picha, mmoja akaimba. Tuliposhuka, kumi na tano ikawa dola, yaani zaidi ya mara mbili ya tulichodhani. Hakuna aliyepaza sauti. Mzee wangu wa Newala alitoa pesa, akawageukia wenzake akasema, "Hii ni kangomba." Kwa asiye mtu wa korosho: kangomba ni ununuzi wa kichochoroni huku kwetu, ambapo mkulima anapimiwa kwa chombo ambacho mnunuzi peke yake anajua kinabeba kilo ngapi. Mzee alilipa, na jioni akasema hakuudhiwa na pesa ile bali na kipimo.

Dawa yake ni ubao. Ubao mmoja wa chuma penye kila kijiwe cha xích lô, umeandikwa: kwa dong, kwa gari, kwa saa, kiasi hiki. Si kwa mtu na si kwa dola. Chini yake picha ya noti zenyewe, maana noti zenu nyingi zina sura ile ile ya mzee Hồ Chí Minh na mgeni huchanganya ya elfu 20 na ya laki tano, zote zina ubluu ndani yake. Mwenye xích lô mwaminifu ataupenda ubao huo kuliko mimi, kwa sababu leo analipia dhambi za mwenzake: mgeni aliyekwisha umwa mara moja hapandi tena ya mtu yeyote.

Sasa nije kwenye boti, ambako ndiko hasa ninakotaka kuwafikisha.

Mto Hương ndiyo barabara ya asili ya makaburi haya. Wafalme walikwenda kwa maji. Kaburi la Minh Mạng liko karibu na pale Bằng Lãng ambapo mikono miwili ya mto inakutana. Ukishuka na maji kutoka hapo unapita hekalu la Hòn Chén lililojishikiza kwenye mwinuko, halafu unafika pagoda ya Thiên Mụ, iliyoanzishwa 1601, na mnara wake wa orofa 7 uliojengwa 1844. Nyuma ya mnara huo limehifadhiwa gari aina ya Austin, la rangi ya samawati, lililomchukua mtawa Thích Quảng Đức siku aliyojichoma moto Saigon, Juni 11, 1963. Wageni wangu hukaa kimya hapo kuliko mahali pengine popote. Kisha mto unakurudisha mjini, chini ya daraja la Trường Tiền, mita chache kutoka kitandani kwako.

Na boti mnazo, nyingi tu. Zimefungwa gatini kando ya barabara ya Lê Lợi, kila moja na vichwa vya joka mbele, vimepakwa rangi kali. Nyingi zinaendeshwa na familia: baba kwenye usukani, mama na mizigo yake. Injini ikishatulia katikati ya mto, mama anafungua sanduku, na mnaanza kuonyeshwa hariri, feni za mkono, kadi za picha, vikuku. Utakwenda wapi? Uko majini. Simlaumu. Boti inakodishwa nzima, si kiti, hivyo mgeni aliye peke yake anaona bei, anaghairi, na mama yule anashinda gatini bila safari. Akimpata mmoja lazima amkamue.

Pendekezo langu linatoka hapo hapo. Basi dogo, la umeme mkipenda, lianzie upande wa kusini wa Trường Tiền, lipite stesheni ya treni, lipande Nam Giao, lisimame kwa Tự Đức, lisimame kwa Khải Định, livuke daraja la Tuần, liishie kwa Minh Mạng. Liwe moja kila baada ya dakika 40 au saa, mtu ashuke apendapo na apande linalofuata. Pale mwisho boti iwe inasubiri, kwa saa inayojulikana. Ishuke na maji, isimame Hòn Chén kidogo, isimame Thiên Mụ kwa muda wa kutosha, ifike mjini jua linapozama. Nauli ya vyote viwili iwe imeshalipwa ndani ya tiketi, na mwenye boti alipwe na ninyi kwa safari, awe amebeba watu 5 au 20. Akiwa na uhakika wa mafuta na chakula cha jioni, sanduku la hariri litafunguliwa na anayetaka kuuza kwa anayetaka kununua. Boti mpya hazihitajiki hata moja.

Najua mtaniuliza kuhusu mvua, na mna haki. Kuanzia Septemba hadi Desemba mto huo si wa kuchezea. Mafuriko ya Oktoba 2025 yaliifunika Huế, tuliyatazama kwenye simu tukiwa huku na tukawatumia watu tunaowafahamu salamu za pole. Miezi hiyo basi liende na lirudi, boti zipumzike.

Mtaniuliza pia watakula nini madereva wa magari na bodaboda. Kaburi la Gia Long libaki kwao, kule basi haliendi. Daraja la vigae la Thanh Toàn, upande wa pili kabisa wa mji, ni lao. Uwanja wa ndege wa Phú Bài uko kama kilomita 15, abiria hawatakauka. Na mgeni akijua anaweza kuzunguka Huế bila kusumbuliwa, atakaa usiku wa tatu badala ya kukimbilia Đà Nẵng, na usiku huo wa tatu atakula, atapanda, atanunua.

Kuhusu uwezo, hapo sitaki kusikia hapana. Treni ya urithi inayokwenda Đà Nẵng kwa njia ya milima ya Hải Vân ilianza Machi 2024. Ina kiti chako, saa yake, bei yake, na inasimama Lăng Cô watu wapige picha bahari. Nimepakia wazee wangu humo na hawakuniuliza swali hata moja njia nzima. Kampuni yenu ya simu, Viettel, ilikuja Tanzania ikaanzisha Halotel mwaka 2015 na kusimika minara vijijini ambako tulikuwa tukipanda juu ya mwembe kutafuta mtandao. Familia kwa maelfu mmezihamisha kutoka juu ya kuta za ngome ili kuta zipone, kazi ambayo serikali nyingi zingeiogopa. Mabasi manne na ratiba havijawahi kuwa kitu kwenu.

Wala msidhani nawasema kwa sababu kwetu kumenyooka. Kilwa Kisiwani iko kwenye orodha ile ile ya UNESCO tangu 1981, na mgeni akifika Kilwa Masoko anakata kibali sehemu moja, halafu habari ya boti ni mazungumzo mengine. Barua ya watu wa huku naiandaa pia.

Jambo dogo la pembeni, kwa kuwa nimekwisha shika kalamu. Malango ya ngome ni membamba, gari moja linapita kwa wakati, na asubuhi utakuta basi kubwa la watalii limejipenyeza kwenye tao huku pikipiki za watu wanaowahi kazini na za watoto wa shule zimekwama nyuma yake. Mabasi hayo yaachwe nje ya kuta. Wageni watatembea au watapanda xích lô, ambayo kwa wakati huo itakuwa na ubao wake.

Msimu wetu wa korosho huanza Oktoba, mauzo yakaisha Januari au Februari. Wafanyabiashara huanza kuja kwenu Machi, na Machi kwenu ni kukavu, mto umetulia. Jaribuni hapo, na basi moja na boti moja, hadi Agosti. Tiketi ikipanda kutoka 530,000 hadi laki saba, nitailipa na nitawaambia wenzangu walipe. Ila ratiba ibandikwe pale pale inapouzwa, kwa maandishi makubwa ambayo mzee wa Newala ataona bila miwani: saa ya basi la kwanza, saa ya boti ya mwisho.

Wenu katika kazi,

Msindikiza wageni, Mtwara